Common Voice: Kiswahili changu nawapa, Kinyamwezi bado

Ukiwa na simu janja na bando la kawaida, Common Voice inakufaa leo hii. Ni mradi wa Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, ulioanza 2017, unakusanya sauti za watu ili mashine zijifunze kusikia lugha zao. Unafungua tovuti, unachagua Kiswahili, sentensi inatokea kwenye kioo, unabonyeza kipaza sauti, unasoma. Zikifika tano, unatuma. Hata kujisajili si lazima.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Isevya hapa Tabora, na kilichoninasa ni ule upande wa kusikiliza, ambako unakagua sauti za wenzako: amesoma kilichoandikwa, au ameruka neno? Mmoja anavuta irabu kwa raha zake. Mwingine anaweka r palipo na l, na nyuma yake jogoo anawika, lakini kila neno lipo, basi unabonyeza ndiyo. Darasani huyo ningemsahihisha. Hapa lafudhi yake ndiyo inayotakiwa, maana mashine iliyozoea sauti za watangazaji tu haitamwelewa mkulima wa tumbaku wa Sikonge atakapouliza bei kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hilo nawapongeza kwa moyo wote.

Leseni ndiyo inayonipa shaka. Sauti hizi zinatolewa chini ya CC0, yaani umeachia haki zote. Mwanafunzi wa Dodoma anazipakua bure, jambo zuri sana. Kampuni ya Marekani yenye mabilioni nayo inazipakua bure, inatengeneza bidhaa, kisha inatuuzia sisi sisi. Mwaka 2021 kazi ya Kiswahili ilipata dola milioni 3.4 kutoka kwa wakfu wa Gates, shirika la GIZ la Ujerumani na serikali ya Uingereza. Tabora tumeshatawaliwa na Mjerumani, kisha Mwingereza, kwa hiyo nisameheni nikiuliza masharti.

Hata kurekodiwa si kugeni kwetu. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa 1900, ilijaza silinda za nta, zilizotumika enzi hizo kurekodia, kwa sauti kutoka makoloni, na 1909 mtafiti wa muziki Erich von Hornbostel akachapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Nyimbo zetu zikawa elimu ya wasomi wa Berlin. Common Voice siifananishi na hayo: hapa unaombwa, unakubali, na data hata sisi tunaipata. Ila kuombwa ruhusa ni jambo moja, kuwa na kauli juu ya kitakachofuata ni jingine.

Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, wameonyesha inavyowezekana. Lugha yao watoto walichapwa shuleni kwa kuizungumza. Mwaka 1972 wanaharakati wao walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000 wakitaka ifundishwe. Mwaka 2018 redio yao, Te Hiku Media, ikawahamasisha watu wasome sentensi, zikapatikana sauti za zaidi ya saa 300 ndani ya siku 10. Kampuni za nje zilipozitaka zile sauti, waligoma kuzitoa. Wakaandika leseni yao wenyewe: redio inatunza data kwa niaba ya wenye lugha, na faida iwarudie hao.

Kwa hiyo naipa Common Voice nyota nne, na Kiswahili nitaendelea kukisoma. Lugha hii ina wasemaji wengi, vitabu na redio, haitamezwa kirahisi, na tukikaa kimya mashine zitajifunza Kiswahili cha kubahatisha. Lakini hadithi za bibi yangu kwa Kinyamwezi sizitoi kwa CC0, ziwe za Common Voice au za mtu mwingine yeyote. Ninachotaka kwanza ni leseni tuliyoiandika wenyewe, wazee wakiwemo, na redio au maktaba ya hapa mkoani ikabidhiwe funguo. Walimu wenzangu wa Nzega na Urambo, na nyinyi wa Kigoma wenye Kiha chenu, rasimu ya leseni hiyo tuianze likizo hii.