Mchicha au papai? Cha kuanza nacho ukiingia Soko la Mgandini, Tanga

Hela ikitosha kitu kimoja tu, nunua mchicha. Najua watoto wataulizia papai, na papai ni zuri, lakini halijazi pengo ambalo mchicha unalijaza.

Gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban miligramu 2.3 za madini ya chuma. Papai la uzito huohuo halifiki hata miligramu 0.3. Kalsiamu ni 215 kwa 20. Hata vitamini A, ambayo wengi tunaihusisha na ule uwekundu wa papai, mchicha unayo mara tatu hivi zaidi. Papai linashinda kwenye vitamini C: miligramu 61 kwa 43, tena lenyewe haliingii motoni, na vitamini hiyo moto huiua.

Hata hivyo mchicha una oksaleti, zinazoshikilia sehemu ya kalsiamu isiingie mwilini. Chuma cha mboga nacho ni kizito kufyonzwa kikiwa peke yake. Vitamini C ndiyo inayokisukuma. Kwa hiyo tunda liliwe pamoja na ugali na mboga, wala si jioni peke yake. Chai isubiri saa moja, maana inazuia chuma.

Tunda hilo liwe pera, ndilo la pili kwangu. Watu wa Tanga tunajivunia machungwa ya Muheza, na tuna haki, ila chungwa lina miligramu 53 za vitamini C na pera lina zaidi ya 200. Inaniuma kuona mapera yanaozea chini ya mti huku mama mjamzito wa nyumba hiyohiyo anaambiwa damu yake ni ndogo. Papai la tatu, chungwa la nne, embe la tano.

Kisamvu sijakisahau. Kina protini kuliko mchicha, lakini kibichi kina sumu ya sianidi, hivyo kinataka kutwangwa vizuri na kuchemshwa sana. Kama huna muda huo, kiache.

Sasa kuchagua. Shika shina la mchicha, likunje kwa vidole viwili. Likikatika kwa mlio ni changa. Likijipinda kama kamba limekomaa, utatafuna nyuzi. Geuza jani uone chini yake kama kuna wadudu au madoa. Maji ya kunyunyizia yasikupumbaze, hunyanyua majani yaliyolala jana. Mama mmoja ninayenunua kwake aliniambia, "Mwanangu, chukua lenye mizizi, hilo litakufikisha kesho." Nimejaribu, ni kweli.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza mboga za majani, kwa sababu mchicha una vitamini K nyingi sana.

Nyumbani, osha kwanza ndipo ukate. Tafadhali acha ile desturi ya kuchemsha, kukamua na kumwaga maji ya kijani. Humo ndimo vitamini C na foleti (vitamini nyingine ya mboga za majani) zinamoondokea. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha, dakika chache tu, kisha tui zito, kwani mafuta ya nazi husaidia mwili kuipata vitamini A. Limau kamulia mezani, sufuria ikishaepuliwa.