Mfuko wa nyaraka "usioshika moto": nimeupenda, ila si kwa sababu ya moto

Mwenye haraka nimpe jibu mapema: nunua, lakini usiamini kila kilichoandikwa kwenye boksi. Boksi limejaa miali na namba kubwa kubwa za joto. Mimi nimeishi na mfuko huu tangu pasipoti ya baba watoto ilipopotea wakati tunahama nyumba, na sifa ninazoupa ni nyingine kabisa.

Pasipoti ilipopotea kila mtu alitupa pole kwa pasipoti. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa nafuu. Unatoa taarifa polisi, unatoa taarifa kwa mamlaka iliyoitoa, ile ya zamani inabatilishwa, unaomba nyingine. Kazi ni pale unapotakiwa kuthibitisha upya kwamba wewe ndiye wewe: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha, taarifa ya upotevu, na ikiwezekana namba ya pasipoti iliyopotea. Namba hiyo nani anaikariri? Tuliipata kwenye barua pepe ya tiketi ya ndege ya zamani. Cheti chake cha kuzaliwa tulikikuta kimekunjwa ndani ya kitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia. Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo la nyumba yetu halikuwa pasipoti.

Halafu pasipoti yenyewe ikajitokeza, ndani ya mfuko wa koti la mvua, wakati mpya imeshatoka. Baba watoto akachekelea: "Basi sasa ninazo mbili, moja ya akiba." Hakuna cha akiba. Interpol wana hifadhidata ya hati za kusafiria zilizoibwa na zilizopotea, ipo tangu 2002, na nchi iliyotoa pasipoti ikishaingiza namba yake humo, afisa wa mpakani akiipitisha kwenye mashine anaona. Kuipata tena hakuifufui. Utasimama dirishani ukieleza habari za koti la mvua huku ndege inaondoka. Ya zamani tuliirudisha ofisini kama inavyotakiwa. Na kwa kuwa mpya ina namba nyingine, ilibidi turekebishe namba kwenye tiketi iliyokwisha kukatwa. Mwenye viza ndani ya pasipoti iliyopotea, au kibali cha kuingia kilichoombwa mtandaoni kwa namba ya zamani, ana safari ndefu zaidi ya hiyo.

Sasa mfuko. Ni wa rangi ya kijivu, umekaa kama begi la kompyuta mpakato, una mpini mmoja na zipu inayozunguka pande tatu. Ndani kuna sehemu kuu ya karatasi za A4, mifuko midogo ya kadi na pasipoti, na kitenganishi katikati chenye velkro. Pasipoti ni za kipimo kimoja dunia nzima, milimita 125 kwa 88, na aliyeshona mifuko hii alilijua hilo: zinaingia bila kulazimishwa na hazichezi ndani. Mifuko ipo minne, kwa hiyo familia yetu imeenea. Vyeti vya zamani ndivyo vinavyoleta taabu. Cheti cha ndoa cha mama mkwe kilichapwa kwenye karatasi ndefu kuliko A4, hakikai hata ukibembeleze, na karatasi ya umri ule huikunji mara ya pili kwenye mstari uleule, itakatika. Hicho bado kipo kwenye bahasha yake ngumu.

Tuje kwenye moto. Boksi linasema kitambaa kinavumilia nyuzi 1093 za Selsiasi. Namba hiyo siwezi kuithibitisha, ila kwa kutowaka sibishi, kwa maana kitambaa ni nyuzi za kioo zilizopakwa silikoni, na kioo hakiwaki. Nilichukua kile kipande cha majaribio kinachokuja na mfuko, nikakiwekea kiberiti cha gesi chini. Kilishika masizi meusi, hakikuwaka, sikuona hata mwali. Ila kidole nilichokuwa nimekiweka upande wa juu nilikitoa mbio. Kitambaa hakikuungua, lakini joto lilipita kama vile hakipo. Sasa fikiria cheti kilichokaa upande wa pili. Karatasi haihitaji kuguswa na mwali ili iharibike. Ikipata joto la kutosha inageuka kahawia na kumeguka. Ukurasa wa picha kwenye pasipoti nyingi za sasa ni plastiki ya polikaboneti, inayoanza kulegea karibu nyuzi 147. Risiti za mashine ndiyo usiseme, zinageuka nyeusi hata zikisahaulika karibu na jiko.

Kwa hiyo namba ya boksi inazungumzia ngozi ya mfuko, si tumbo lake. Masanduku ya chuma ya kuhifadhi nyaraka hupimwa kwa swali tofauti: ndani kumefika nyuzi ngapi? Kipimo cha Marekani kiitwacho UL 72, daraja la 350, kinataka ndani pasizidi nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani kama 177 za Selsiasi, muda wote ambao sanduku limepewa cheti chake, iwe nusu saa, saa moja au zaidi. Mfuko wangu hauna cheti cha namna hiyo, na sijaona mfuko wa kitambaa ulio nacho. Mwenye hati ya nyumba au wosia asijidanganye, anunue sanduku. Ajue tu kwamba masanduku hayo ni mazito, na mengi yana kijazio chenye unyevunyevu ndani ya kuta, kwa hiyo sanduku lisipofunguliwa mara kwa mara karatasi hushika ukungu. Watu huweka vile vifuko vya kunyonya unyevu na kuvibadilisha.

Kwenye maji mfuko umenishangaza. Niliujaza magazeti nikauweka chini ya bomba la bafu. Mwili wote haukupitisha tone. Maji yaliingia sehemu moja tu, kwenye kona ambapo zipu inaishia, na yakalowesha ncha ya gazeti upana wa kidole gumba. Hiyo ni mvua ya bomba. Kuuzamisha kwenye maji sikuthubutu na wala mtengenezaji hasemi uzamishwe. Dawa yake ni rahisi: kila hati nimeitia kwenye bahasha ya plastiki ya polipropilini kabla ya kuiweka. Usitumie zile laini za PVC zinazonuka kama pazia jipya la bafuni, zinakula wino na kung'ang'ania karatasi. Na cheti halisi usikipige lamination. Ofisi nyingine hukikataa kwa sababu hawawezi kushika karatasi wala kukagua muhuri.

Wameandika pia kwamba mfuko unazuia wezi wa kusoma chipu ya pasipoti kwa mbali. Hilo ni pambo la kuuzia. Chipu ya pasipoti haitoi taarifa zako mpaka msomaji awe na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, vyote vimechapwa kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha. Ndiyo maana afisa anaifungua kwanza.

Na kufuli! Kufuli la namba tatu kwenye mfuko wa kitambaa ni kulitia pazia komeo. Mkasi unamaliza kila kitu. Juu ya hapo, mama mkwe alipotaka kitambulisho chake sisi hatupo, alikaa nao mapajani akizungusha namba mpaka tuliporudi. Nimelitoa.

Nyuzi za kioo nazo zina tabia zake. Kwenye mshono wa ndani, pale silikoni haikufika, ukipitisha mkono unawashwa kama umeshika upupu. Nilibandika utepe mpana, pakatulia.

Nilichoupendea ni hiki hapa: mfuko unabebeka kwa mkono mmoja, na kila mtu nyumbani anajua upo rafu ya juu ya kabati la nguo. Anayetoa pasipoti anaacha kikaratasi kwenye mfuko mdogo, jina na sababu. Kwenye mfuko wa mbele nimeweka orodha ya namba za pasipoti zetu na tarehe zake za mwisho, kwa sababu nchi nyingi zinataka pasipoti ibaki na miezi 6 ya uhai, na hilo watu hulikumbuka kaunta. Nakala ya orodha hiyo anayo dada yangu kwake, na picha za kurasa zipo kwenye fleshi yenye nywila. Nakala haivuki mpaka, lakini ukipoteza pasipoti ugenini, ubalozi ukikuandalia hati ya dharura, kuwa na namba mkononi kunapunguza maswali.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Wakitoa toleo jipya, waongeze urefu kwa ajili ya vyeti vya zamani, wafunike mishono ya ndani, na hela ya kufuli waimalizie kwenye kona ya zipu.