Mazda Roadster ikiwa imevaa kofia: maoni ya mshona maturubai

Kila anayeisifia Mazda Roadster ameiona ikiwa imevuliwa. Ndivyo inavyopigwa picha: paa limelazwa nyuma, jua linawaka, dereva kavaa miwani, mkono mmoja uko nje ya mlango. Sasa njoo Mbeya mwezi wa pili. Mvua za huku zinaanza Novemba na kuaga Aprili, au Mei zikijisikia, halafu Juni na Julai baridi inashuka kutoka mlima Loleza mpaka unalala na soksi. Gari ya wazi kwetu inashinda imefungwa. Kwa hiyo mimi naipima ikiwa imefungwa, na nadhani ninayo haki, maana kazi yangu ni kushona maturubai.

Niko Sae, kando ya barabara ya Zambia, mwaka wa ishirini na mbili huu. Maturubai ya Fuso na semitrela, viti vya Coaster, mara mojamoja kochi la jirani asiyelipa. Kuna bosi mmoja wa mchele wa Ubaruku ambaye Fuso zake tatu nimezivalisha mimi. Machi akaja na kigari chekundu kimelala chini kama mjusi aliyeona mwewe. Vijana wangu wakaacha cherehani.

"Fundi, na hii nayo ina turubai," akasema. "Limechanika."

Ni Roadster ya 2016, toleo la nne, lile lililoingia sokoni 2015. Injini ya lita moja na nusu, gia ya mkono, uzito wa tani moja hivi. Bosi anaishi mtaa wa Forest na anaiegesha chini ya mparachichi. Wiki mbili matunda yalikuwa yanaidondokea na kuacha madoa ya mafuta, yeye anafuta na kitambaa. Usiku wa upepo likaja tawi lenyewe. Tundu lilikuwa la urefu wa kiganja, nyuma kidogo ya mlango wa kushoto.

Nikaomba anifungulie na kunifungia paa mara nne kabla sijagusa sindano. Hapo ndipo nilianza kuiheshimu. Katikati ya fremu ya kioo cha mbele kuna kifungio kimoja tu. Unakiachia, unalisukuma paa nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa kwenye kiti, linajikunja mara tatu na kulala. Na linajikunja kwa akili: kipande cha mbele, ambacho ni kigumu, kinabaki juu, uso wake ukitazama mbinguni, kwa hiyo chenyewe ndicho mfuniko wa vingine. Hakuna shuka la kufunika juu yake, hakuna vifungo. Turubai la Fuso linahitaji watu wawili, kamba, na matusi.

Kosa langu niliseme. Nilianza na cherehani kubwa, ile ya maturubai ya semi. Mshono wa kwanza sentimeta tatu tu, nikamwaga maji ya kikombe, yakapita kwenye kila tundu la sindano kama chujio la chai. Nikafumua. Kiraka nacho nilikuwa nimekikata kinene, na tundu lilikuwa karibu na mkunjo, maana yake paa lisingelala tena sawasawa. Mwishowe nilishona kwa mkono, sindano nyembamba, uzi wa poliesta, kiraka cha kitambaa chepesi kimebandikwa kwa ndani na gundi ya mpira juu ya mshono. Siku moja na nusu. Nilimtoza elfu themanini na akaona nyingi, mtu mwenye Fuso tatu.

Siku hiyo moja na nusu nimeizunguka gari hii kuliko watu wengi wanaoiandika. Basi nieleze kuhusu sura.

Wanaosema ni gari ya kisasa yenye roho ya kizamani hawajakosea, ila wanatafuta uzee mahali usipokuwepo. Toleo la kwanza lilioneshwa Chicago Februari 1989, na kule Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Waingereza waliojaza dunia vigari vya wazi vya watu wawili walikuwa wameshachoka. MGB, kigari chao kimojawapo, ilikoma 1980. Mazda wakaangalia mambo ya miaka ya 60, hasa Lotus Elan ya Waingereza haohao, wakatengeneza ya kwao: mdomo wa duara, taa zinazofumbuka kama macho ya chura, kitasa kidogo cha kromu unachokivuta kwa ncha za vidole. Ile ndiyo ilikuwa na sura ya kizee waziwazi. Hii ya sasa haina. Macho yake yamefinywa kama ya mtu anayesoma meseji bila miwani, na mdomo umepanuka kuelekea chini. Ukisimama mbele yake huoni miaka ya 60 popote.

Uzee uko ubavuni. Chuchumaa usawa wa mlango, uitazame kutoka tairi hadi tairi. Boneti ni ndefu, viti vimesogezwa nyuma mpaka dereva anakaribia kukalia tairi la nyuma, mkia umekatwa mfupi. Ni mpangilio uleule wa vigari vya zamani, na haukuwekwa kwa ajili ya kukumbusha watu kitu. Injini iko mbele, tairi za nyuma ndizo zinasukuma, watu wawili wamekaa katikati, basi. Ukipanga vitu hivyo kwa ufinyu unapata umbo hilo hata kama hujawahi kuona picha ya Lotus. Ndiyo maana naiamini.

Na kuna jambo moja la ndani ambalo fundi wa viti lazima alione. Sehemu ya juu ya mlango, ile unayoegemeza kiwiko, imepakwa rangi ya bodi. Yaani wekundu wa boneti unatembea, unapita pembeni ya kioo, unaingia mpaka ndani na kukaa ubavuni kwako. Magari ya zamani yalikuwa na bati tupu lililopakwa rangi hapo kwa sababu hawakutaka kutumia pesa ya kitambaa. Hawa wamefanya hivyo kwa makusudi, na ukikaa unajihisi umekaa nje hata paa likiwa limefungwa. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote kwenye gari ile. La bosi lina mikwaruzo ya saa yake, lakini afadhali mikwaruzo kuliko ile plastiki ya kijivu ya kila gari.

Nisichokipenda ni kioo cha redio, kimesimama juu ya dashibodi kama simu iliyosahauliwa na abiria. Tena kinaongea Kijapani, na redio yenyewe imepangwa kwa masafa ya kwao, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizinasi. Kaboksi la mbele ya abiria la kuwekea karatasi halipo, ukigusa hapo ni ukuta mtupu; bima na kadi ya gari vinakaa kwenye kijishimo kati ya viti, nyuma ya kiwiko. Na uzi mwekundu kwenye viti! Kila kiwanda kikitaka gari ionekane ya mbio kinashona uzi mwekundu. Sisi Sae tumeufanya mchezo huo kwenye Noah miaka mingi, na Noah bado ni Noah.

Jumamosi tukaenda Tukuyu, maana turubai halijaribiwi kwa kikombe. Matuta ya Uyole yalituchukua muda. Tumbo la gari hii na lami haviachani hata shubiri moja, na bosi alikuwa anayapanda kwa mshazari huku bodaboda zinatucheka. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda kuelekea Isyonje na tukaifungua. Sitajifanya mtu mzima, nilifurahi. Boneti ina mabega mawili yaliyoinuka juu ya tairi za mbele, na ukiwa umekaa chini vile unayaona yote mawili, unajua kila tairi iko wapi kwenye kona. Urembo unaomsaidia dereva kazi yake siuiti urembo tena.

Isyonje ikatumwagia. Bosi akapunguza mwendo, akavuta paa mbele kwa mkono, tak. Kiraka hakikuvuja. Kilichobadilika ni mwanga: ndani kukawa giza kama ndani ya kibanda cha mahindi, na pembeni nyuma, pale kitambaa kinaposhuka, huoni chochote. Lori la viazi lilikuwa ubavuni mwetu na nililijua kwa sauti tu.

Kiwira tukasimama kununua ndizi, nikashuka kwenye manyunyu niitazame kwa mbali. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Magari mengi ya wazi yakifungwa yanageuka chungu kilichofunikwa kikapu. Kitambaa kinaanguka kati ya vyuma, mbavu zinatokeza kama za ng'ombe wa kiangazi. Hii haikuwa hivyo. Paa lilianza kwenye kioo, likapanda kidogo, likashuka kwa mstari mmoja mpaka kwenye buti, na lile eneo jeusi likawa dogo kiasi kwamba wekundu wa chini ndio uliobaki unaonekana. Nikaipa alama palepale.

Mama muuza ndizi naye alikuwa anaitazama. Akapokea hela, akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", halafu akamuuliza bosi: "Baba, na pesa zote hizo, wameshindwa mabati mpaka wakaiezeka kwa nguo?"

Bosi hakujibu. Tangu siku ile ananionesha kwenye simu toleo la RF, lenye paa gumu linalojikunja kwa mota. Nimelitazama. Nyuma ya milango lina mabawa mawili yanayobaki yamesimama hata paa likishuka, kwa hiyo halifunguki lote. Zuri, lakini ni gari nyingine, inayoogopa mama wa Kiwira.

Kwa kulinganisha niseme habari ya Nissan Figaro, kwa kuwa niliwahi kushona viti vya moja, ya mama mwenye nyumba ya wageni. Hiyo ni ya 1991, zilitoka 20,000 tu, na Wajapani walizigombania mpaka zikauzwa kwa bahati nasibu. Chini ni Nissan March, injini ndogo ya turbo, gia otomatiki za hatua tatu. Juu ni maonesho matupu: rangi nne kwa misimu minne ya mwaka, viti vyeupe, swichi za rangi ya meno ya tembo. Nilipoipokea niliidharau. Niliona keki ya harusi. Lakini paa lake lina ujanja: fremu za pembeni hazitoki, ni kitambaa cha katikati tu kinachorudi nyuma na kuingia chini ya mfuniko. Kwa hiyo Figaro ikifungwa au ikifunguliwa, umbo ni lilelile, haiharibiki ikinyesha. Kwa kipimo changu cha kofia inaifunga goli Roadster, na nasema hivi huku sitaki kuimiliki hata kwa kupewa.

Nyingine nimezioneshwa kwenye simu ya bosi tu, kwa hiyo chukua maneno yangu kwa bei hiyo. Fiat 124 Spider ya 2016 ilijengwa Hiroshima juu ya mifupa ya Roadster hiihii, ikapewa uso na vile vivimbe viwili vya boneti kutoka kwa babu yake wa Kiitalia. Bosi anaipenda. Mimi naona kijana mzuri aliyelazimishwa kuvaa koti la babu yake, mabega yamezidi. BMW Z8, iliyotengenezwa mpaka 2003 kwa kuikumbuka BMW 507 ya miaka ya 50, ile nikanyamaza. Ubavu wake umetulia. Mitsuoka Himiko walichukua Roadster ya toleo la tatu, wakaivuta pua, wakaibandika matao ya tairi kama ya gari la gavana wa kikoloni. Nilimrudishia bosi simu yake.

Kama unataka kununua Roadster hii na unaishi nyanda za juu huku: angalia mshono wa paa karibu na mikunjo kabla ya kuangalia injini, mwaga maji, subiri dakika kumi, papasa zulia nyuma ya viti. Ukikuta kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa turubai, punguza bei. Rangi yake nyekundu ni ya tabaka tatu, fundi rangi wa mtaani atakupa nyekundu nyingine kabisa, kwa hiyo matuta yapande kwa mshazari.

Wiki iliyopita nilipita Forest kumpelekea bosi risiti ya Fuso. Kigari kipo palepale, kimevaa kofia, na juu ya kiraka changu kuna parachichi limepasuka. Nilimwambia Machi akate ule mti. Anasema mwaka huu umezaa vizuri.