Uzoefu wangu Jozani: ukishawaona kima, teremka mikokoni

Wengi waliofika Jozani, msitu wa hifadhi kisiwani Unguja, watakwambia ni pa kuona kima, nusu saa umemaliza. Siwalaumu, maana ndivyo wanavyopelekwa. Gari linasimama, watu wanapiga picha, dereva anawahimiza wapande wakawahi pomboo Kizimkazi au ufukwe wa Paje. Ushauri wangu ni mmoja: tenga nusu siku nzima, na sehemu kubwa ya muda huo iwe mikokoni.

Nilikwenda na watoto wangu pamoja na shangazi, mzaliwa wa kijiji cha wavuvi huko Tanga. Kutoka mjini Unguja ni kama kilomita 35, na huhitaji gari la kukodi: daladala za Makunduchi na Jambiani hupita mlangoni, mwambie tu konda unashuka Jozani. Ukikaribia utakutana na matuta ya barabarani. Usiyanung'unikie. Barabara ile ilipotengenezwa vizuri miaka ya 1990, magari yalianza kukimbia na kima wakawa wanagongwa ovyo. Yalipowekwa matuta, vifo vikapungua.

Anzia kituo cha wageni, wala usipite pale kama unapita kaunta ya tiketi. Kiingilio kinajumuisha mtembezaji, msitu na mikoko. Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo nenda na kitambulisho. Simama kwenye mabango na ramani kabla ya kuingia porini. Hapo ndipo wanangu walipoelewa kwamba hifadhi hii si msitu peke yake. Jina lake kamili ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa mwaka 2004, ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar, ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Ndani yake kuna msitu, kuna vichaka vya uwanda vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, kuna mikoko na kuna bahari. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya maeneo ya hifadhi hai.

Msituni kuna ubaridi unaoshangaza ukitoka kwenye jua la barabarani. Ardhi iko bondeni na maji ya chini yako karibu sana, kiasi kwamba masika sehemu za msitu hufurika. Ndiyo maana mitondoo na michikichi imerefuka hivyo katika upande wa kisiwa ambao kwingine ni mawe matupu. Mbu wapo, wa kutosha. Paka dawa, vaa viatu vya kufunika.

Kima punju hatukuwatafuta sana, walikuwa kwenye miti karibu na barabara, wakitafuna majani machanga. Mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso mweusi, na mkono hauna dole gumba: ana vidole vinne virefu anavyovikunja kwenye tawi kama ndoana. Duniani kote wanapatikana Zanzibar tu. Kundi la wageni lilikuwa karibu nasi na mmoja wao akatoa ndizi mbivu kwenye mkoba. Mtembezaji wetu alimzuia kwa upole, kisha akawaeleza wanangu sababu: tumbo la mnyama huyu limeumbwa kwa majani, lina vijidudu vya kuyachachusha, na matunda matamu huvuruga kazi hiyo. Watafiti wamewaona wakila hata makaa yanayobaki mashambani, kwa sababu makaa hunyonya sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu. Tafadhali, wakikukaribia wewe rudi nyuma. Mafua yetu wanaweza kuyapata.

Mwanangu mdogo aliulizia chui. Chui wa Unguja wengi wanaamini ametoweka, na shangazi alikuwa na hadithi zake za chui wa kufugwa na wachawi ambazo zilitufikisha barabarani bila kuhisi mwendo.

Kisha tukateremka upande wa kijiji cha Pete, panapoanzia njia ya mbao ya kupita juu ya mikoko, na hapa ndipo ninapotaka mtu afike. Sisi tulikuta maji yamekupwa. Mizizi ya mkoko ilikuwa wazi yote, imepinda kutoka shinani na kuingia kwenye tope kama miguu ya kaa. Kando yake mchu, mti mwingine wa mikokoni, ambao mizizi yake hutokeza juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, ndiyo inayovuta hewa. Mtembezaji alichuma jani la mchu akampa binti yangu alilambe. Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Kaa wadogo walikuwa wakitoka mashimoni, ukisogeza kivuli wanapotea wote.

"Bibi, na nyinyi kwenu mlikuwa mkikata?" yule kijana mtembezaji alimuuliza shangazi.

"Tulikata, baba. Nyumba ya marehemu baba yangu ilisimama kwa boriti za mkoko, na mchwa hawakuzigusa. Ganda la mkandaa tulilitumia kutia rangi. Zikija jahazi kutoka Uarabuni, wao walichukua boriti, sisi tukabaki na tende."

Wakaendelea hivyo njia nzima, mti kwa mti, yeye akieleza ulivyokatwa, kijana akieleza unavyopandwa upya na jinsi samaki wachanga na kamba wanavyojificha kwenye ile mizizi hadi wakue. Nimewahi kutembezwa na watu wanaosoma maelezo ya kukariri. Huyu alikuwa anajua, na pia alikuwa anasikiliza. Mimi na watoto tulinyamaza tu.

Jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha ni maji. Uliza kabla ya kwenda. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua na bamvua, mambo hugeuka, asubuhi ndiyo yanakuwa juu. Ukitaka kaa na mizizi, fika maji yakiwa nje. Ukitaka kuona samaki wakipita chini ya mbao, fika yakiwa yamejaa. Mwenye nafasi akae aone yote mawili: siku ya bamvua aingie msituni mapema, ashuke Pete kabla ya saa tano, ale chakula cha mchana, kisha arudi mikokoni alasiri.

Kwa mwenye mzee au mtoto mdogo, mwendo si wa kuchosha, ila mbao zikilowa huteleza, kwa hiyo mshike mkono. Sehemu ya mapato huenda kwenye vijiji vinavyozunguka hifadhi, na hilo kwangu ni sababu tosha ya kulipia mlangoni na kuchukua risiti.