Simu ya mtu mwenye ulemavu wa akili: Samsung au iPhone?

Habari zenu watazamaji, wa hapa Mtwara mjini, Newala, mpaka Kilwa kule Lindi. Mezani nina Samsung na iPhone. Ipi ataiweza ndugu mwenye ulemavu wa akili bila kusimamiwa kila saa?

Kwenye Samsung wengi hukimbilia hali rahisi iliyoko kwenye mipangilio ya skrini. Herufi zinakua, alama zinakua. Bibi mwenye macho hafifu itamfaa sana. Huyu wetu bado atahangaika, kwa sababu kinachomchanganya ni wingi wa vitu, na vyote bado vipo.

Kwa hiyo ondoa. Acha skrini ya mwanzo na wijeti, yaani vitufe vya njia ya mkato, tatu nne za kupiga moja kwa moja, kila moja na picha ya uso: mama, kaka, jirani. Kisha, na hapa ndipo wengi husahau, funga mpangilio wa skrini ya mwanzo. Usipofunga, akikawiza kidole alama inahama au inafutika, na kesho hamwoni mama. Kama anatumia programu moja tu, ibandike kwenye skrini, asiweze kutoka humo, na uweke PIN ya kutokea. Simu ikizimwa na kuwashwa, ubandikaji unakwisha, itabidi urudie.

iPhone imeshinda hapa, nasema wazi. Tangu iOS 17, mfumo wake wa mwaka 2023, ina Assistive Access, hali inayoirahisisha simu nzima, kwa iPhone XS na XR kuendelea. Ingia Settings, Accessibility, Assistive Access, chagua programu na watu anaoruhusiwa kuwapigia. Vitufe vinakuwa vikubwa, na cha kurudi kinakaa chini muda wote. Kutoka, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, uweke namba ya siri. Iandike mahali, na isiwe ile ya kufungulia simu. Masasisho ya mfumo hayaingii mpaka utoke humo.

Lakini bei yake! Na Android, mfumo wa Samsung, ina menyu za Kiswahili, jambo kubwa kwa anayesoma maneno machache.

Moja haitatuliwi na simu yoyote: menyu ya M-Pesa ya Vodacom, *150*00#. Muda wake unakatwa na mtandao, hata ukirefusha muda wa kujibu kwenye mipangilio. Anayefikiri taratibu atakatiwa katikati ya kutuma, aanze upya. Malipo ayashike mlezi.

Kabla hujamkabidhi, mpigie ukiwa chumba cha pili, uone kama anapokea.