Ofisi ya wakili iliyomfanyia mamangu kesi ya ajali ya matatu – nyota nne

Nlikuwa nimeahidi kuandika hii tangu pesa zilipoingia, lakini nkasema kwanza mamangu atembee bila gongo ndo niandike nikiwa na moyo uliotulia. Itakuwa ndefu, mnivumilie. Wakati sisi tunatafuta loya nlikesha nasoma maoni ya watu kwenye simu, karibu yote yanasema "kazi nzuri, asanteni sana" basi, na mtu aliye na mgonjwa wodini anataka kujua zaidi ya hapo, anataka kujua pesa zilihesabiwa vipi, karatasi gani ziliulizwa, na loya alisema nini siku mambo yalipokwama.

Mamangu anauza mahamri na mbaazi Kisauni, sisi watoto wote wanne tumesomeshwa na karai lile. Februari 2023 asubuhi alikuwa anavuka barabara kwenda kuchukua mkaa, matatu ikachomoka steji kuipita nyingine iliyokuwa inapakia, ikampiga ubavuni. Muundi ukavunjika pahali pawili, akatiwa chuma na skrubu, akalala hospitali siku kumi na moja.

Siku ya pili tu, hata dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, akaja kijana mmoja pale kitandani, kavaa vizuri, faili mkononi, na mamangu anamjua kwa jina lake, hata hatujamtajia. Akampa shilingi elfu mbili za matunda, akasema yeye ni wa ofisi ya mawakili, kesi kama hii ni milioni mbili na zaidi, sisi hatutoi hata shilingi, wao watachukua theluthi mwisho. Mamangu akanitazama mimi. Mimi ndo mkubwa, mimi ndo nlosaini, na akaondoka na abstrakti ya polisi (karatasi ya kuonyesha ajali imeripotiwa) na ile karatasi ya daktari, zote orijino. Miezi mitatu simu inaita haishikwi, halafu ikawa haipatikani kabisa. Hiyo ofisi yenyewe hatukuwahi kuiona mlango wake, jina la loya tulilijua kwa muhuri tu.

Ofisi hii nimeelekezwa na jirani, lakini safari hii sikwenda kwa maneno matupu, nliingia kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, pale unapotafuta wakili kwa jina, nkaona loya wao yuko na leseni ya mwaka ule. Ni kitu cha dakika mbili na hakina malipo. Laiti ningekijua nikiwa pale wodini.

Siku ya kwanza nimeingia na swali moja kichwani, tutapata ngapi. Hakunijibu. Aliniuliza mama anaendeleaje, analala usiku, mguu umeungwa na nini, halafu akasema "dadangu, mtu akikutajia pesa kabla hajasoma ripoti ya daktari, huyo anakuuzia maneno." Nkamweleza habari ya yule kijana. Akanifahamisha kwamba sheria ya mawakili hapa Kenya hairuhusu wakili kutafuta wateja kwa madalali wa hospitalini, na pia yale makubaliano ya kwamba loya analipwa ukishinda tu hayatambuliki kisheria. Akaandika barua kwa ile ofisi nyingine kwamba tumebadilisha wakili na twataka karatasi zetu. Kungoja hakungoja, karani wake alifuatana na mimi hadi kituo cha polisi na namba ya OB (ile ya kitabu cha matukio cha polisi) tukatoa abstrakti nyingine, tukachukua na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ikajazwe na daktari. Fomu yenyewe ni bure, mjue hilo, kuna watu wanauziwa.

Sasa hapa ndo kuna ile nyota niliyokata. Ofisi iko orofa ya pili na jengo halina lifti. Ofisi inayofanya kesi za watu waliovunjika miguu! Mamangu alifika pale chini na magongo mawili, akaziangalia zile ngazi, akaanza kulia. Nkapiga simu juu. Dakika tano loya mwenyewe akashuka, koti kalivua, akaingia ndani ya tuktuk akaketi ubavuni mwa mamangu, daftari juu ya goti, na stetimenti nzima imeandikwa mle ndani, dereva kasimama nje kivulini anangoja. Alimuuliza mambo mimi ambayo sikuwahi kumuuliza mamangu, ulikuwa umeangalia upande gani, ulikuwa umebeba nini, kulikuwa na alama za kuvukia hapo au la, ulisikia honi? Mamangu akasema ukweli kwamba hapakuwa na alama na yeye alivuka baina ya matatu mbili. Nlimkanyaga mguu ule mzima anyamaze. Loya akaniona, akasema "mwache mama aseme, upande wa pili utakuja kuyasema haya haya kortini, afadhali niyasikie kwake kwanza." Hilo nimemheshimu nalo mpaka leo. Lakini tafuteni chumba cha chini jamani, nimewaambia uso kwa uso na hapa narudia.

Risiti. Mamangu aliziweka zote kwenye kopo la maziwa ya unga, risiti za dawa, za eksirei, za magongo, za fizio. Karani, binti mdogo tu, alizimwaga mezani akaanza kuzinyoosha moja moja kwa kiganja cha mkono, akizipanga kwa tarehe. Ya magongo ilikuwa imekuwa nyeupe kabisa. Zile risiti za mashine wino wake unafutika, yeye akaiinua dirishani kwenye mwanga, akaigeuza, hakuna kitu, shilingi 3,500 zimekwenda. Kwani zile gharama ulizotoa mfukoni korti inataka kila shilingi iwe na ushahidi wake, si kama fidia ya maumivu ambayo hakimu anaipima mwenyewe kwa kutazama kesi zilizopita za majeraha kama hayo. Tangu siku ile kila risiti tunaipiga picha na kutoa kopi siku hiyo hiyo. Nauli za tuktuk za kwenda kliniki, pesa za yule mama wa kumkanda, zote hazikuhesabiwa maana hazina karatasi, na ni nyingi kwa kweli. Mwenye mgonjwa sasa hivi anzeni leo, ombeni risiti hata ya mia mbili.

Mwezi wa tano kampuni ya bima ya ile matatu ikampigia mamangu simu moja kwa moja. 120,000, uje usaini, pesa unazipata wiki hiyo. Wakati huo nyumbani kodi ya miezi miwili hatujalipa, karai limeinamishwa, mdogo wangu karudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya karo. Mamangu akasema mimi naenda. Nlimpeleka kwa loya kwanza, nlimbembeleza kweli kweli, na loya akashuka tena chini (kila mara alishuka, siwezi kumnyima hilo). Hakumkataza. Alimwambia "mama, uamuzi ni wako, lakini ujue unauza nini. Ukisaini ile vocha yao ya malipo madai yamefungwa, na hiki chuma kilicho ndani bado hakijatolewa." Akampeleka kwa daktari wa kuandika ripoti, daktari akapima miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, wa kulia umepungua sentimita moja, akaandika kutoa chuma peke yake ni kama 150,000. Yani zile walizotaka kumpa zisingetosha hata hiyo operesheni! Mamangu hakusaini. Siku ile tuliporudi nyumbani hakuna aliyezungumza, maana kodi ilikuwa bado iko pale pale.

Kuna mambo ya muda alinieleza nayaandika kwa sababu najua watu wanaokaa na maumivu yao mpaka mlango unafungwa. Kesi ya kuumizwa kwa uzembe una miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama gari ni la serikali ni miezi 12 tu. Na kampuni ya bima lazima ipewe taarifa ya kesi mapema, kabla ya kufungua au siku chache baada, la sivyo inaweza kuja kukataa kulipa hata ukishinda, kwa hivo loya alitafuta rekodi ya gari, mwenyewe ni nani, bima ni ya nani, akatuma ile notisi kabla hatujafungua chochote. Mtu mmoja aliyeumia, bima yenyewe kwa sheria hailazimiki kulipa zaidi ya milioni 3, hata hakimu akitoa zaidi, hayo mengine umfuate mwenye gari. Wale wanaoahidiwa milioni kumi wodini hawaambiwi hilo.

Nlimuuliza mbona tusiende ile korti ya madai madogo, nlisikia ni haraka. Akasema ile mwisho wake ni milioni 1, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60, ni njia nzuri, lakini akitia na mapato ya mama aliyopoteza tunaweza kuvuka milioni, kwa hivo tukafungua kwa hakimu wa kawaida. Nkakubali. Leo nikitazama nyuma hapo sina uhakika kama tulichagua vyema, maana yale mapato mwishowe hatukuyapata. Mamangu anaamka saa tisa usiku kukanda unga, siku nzuri anaingiza elfu moja, lakini daftari hana, wateja wengi wanalipa keshi, na zile za M-Pesa zinachanganyika na za chama. Loya alituomba stetimenti za mwaka mzima, tukatoa, upande wa bima wakazikataa, na kwenye makubaliano zikaachwa. Alinieleza kwa nini, kwamba tukishikilia hilo kesi itasikizwa yote na itachukua muda, na mamangu akasema basi. Mimi bado linaniuma. Mtu asiye na payslip naye ana kazi.

Tuliafikiana miezi kumi na minne baada ya ajali, kabla ya kusikizwa, lawama zikagawanywa 80 kwa 20, mamangu akabeba 20 kwa sababu ya kuvuka pale. Na hii ndo sababu hasa ya mimi kuandika. Pesa zilipoingia kwenye akaunti ya ofisi, hatukupigiwa simu kuambiwa "njooni kuna kitu chenu". Tuliitwa, tukapewa karatasi moja, kila kitu kimeandikwa, na loya akamsomea mamangu mstari kwa mstari. Fidia ya maumivu 600,000. Kutoa chuma 150,000. Risiti 94,300. Jumla 844,300, toa asilimia 20 ya lawama, inabaki 675,440. Halafu ada yake, tulikuwa tumeiandikiana mwanzo kabisa na kusaini, 140,000, kampuni ya bima ililipa gharama za kesi 90,000 zikaingia humo, sisi tulishatoa 20,000 siku za mwanzo, kwa hivo alikata 30,000. Ripoti ya daktari na ada za korti alizokuwa ametutolea yeye, 21,300, risiti zake zimepinwa nyuma. Mamangu akapata 624,140.

Sasa fikirieni theluthi ya yule kijana.

Na hakuzipitisha kwangu. Nlidhani atatuma kwenye akaunti yangu maana mamangu hakuwa na ya benki, akakataa, akasema "pesa ni za mama, akaunti iwe ya mama", akamngoja wiki nzima afungue. Nlikasirika kidogo wakati ule, nkaona kama ananishuku. Baadaye jirani yetu alinihadithia ya kwao, kaka mtu alichukua cheki ya mdogo wake aliyekatwa mkono na mpaka leo hawasemezani, nkaelewa.

Mabaya mengine ni ya simu. Wakiwa kortini asubuhi hakuna anayeshika, unapiga mpaka saa nane, na ujumbe unajibiwa baada ya siku mbili tatu. Kuna mwezi mzima hatukusikia chochote, nkaanza kuona ya yule wa kwanza yanarudi, nkaenda kuketi pale ofisini bila miadi kumbe walikuwa wangoja tarehe ya korti tu. Wangetuma mstari mmoja, "tarehe bado", ningelala. Mtu aliyekwisha kuibiwa karatasi mara moja anatishika haraka, ofisi za mawakili zifahamu hilo.

Mamangu amerudi kwenye karai tangu Ramadhani, anakaanga akiwa ameketi kwenye stuli. Chuma kinatolewa mwezi ujao. 120,000 zimewekwa kando kwa ajili hiyo, maana ile asilimia 20 ilikata hapo pia, na juzi karani alinipigia mwenyewe kuuliza kama pesa za operesheni bado zipo na kama tumepata tarehe, na kesi ilishafungwa zamani.