Tanga na bumu ya mtumba: nimeifunga Matema, nawapa ukweli wote

Ugonile wadau, leo nipo Matema, Ziwa Nyasa, nyuma yangu mnaiona milima ya Livingstone, ni saa mbili asubuhi na ziwa limetulia, nimewahi makusudi maana mchana upepo ukiamka sitaki aibu mbele ya kamera.

Sasa hii seti ni tanga na bumu yake, mtumba, ya boti ndogo ya mita nne, nimeichukua laki nne na nusu. Huku kwetu tumezoea mtumbwi wa kupiga kasia, kwahiyo wengi mmeniuliza bumu ndo nini. Ni hii bomba ya alumini inayolala chini ya tanga, mbele imeshikana na mlingoti. Ngalawa za Pwani hazina hii, zile zina foromali, ule mti wa kushikia tanga kule juu.

Kwanza kabisa elekeza pua ya boti upepo unakotoka. Mimi siku ya kwanza nilipandisha tanga upepo uko ubavuni, bumu ikazunguka ikanitandika hapa juu ya sikio, akina mama wa vyungu vya Kisi walicheka mpaka nikatamani nirudi zangu Kyela.

Haya, chomeka fito kwenye mifuko ya tanga, kona ya mbele ifunge hapa shingoni kwa bumu, pale inaposhikana na mlingoti, ya nyuma ivute kwa kamba mpaka mwisho wa bumu, afu ndo uvute henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, lipande. Dogo sogeza kamera. Mnaona haya makunyanzi yaliyolala kando ya mlingoti? Henza imelegea. Navuta kidogo... yameisha. Yakianza kusimama wima ujue umekaza kupita kiasi, legeza. Ile kona ya nyuma nayo, upepo mdogo iachie tanga liwe na tumbo kidogo, upepo mkali ivute likae bapa, maana lile tumbo ndo linalolaza boti.

Sasa malalamiko. Hii kamba ya mshazari inayotoka chini ya mlingoti kuja kuizuia bumu isiinuke, aliyeniuzia kaweka nailoni, na nailoni inavutika jamani! Ufukweni unakaza unaona iko poa, ukikutana na upepo bumu inapanda, tanga kule juu linajipinda linamwaga upepo, we umekaa unashangaa mbona boti haiendi. Nimeweka ya polista, elfu nane tu, tofauti ni mbingu na ardhi. Na pini ya shingoni haikuwepo, fundi pale Sido Mwanjelwa, Mbeya, kanichongea kwa bolti ya stenlesi, usije ukachomeka msumari.

Demani, hii kamba ya mkononi ya kuvutia na kuachia bumu, usiifunge kwenye boti hata uchoke vipi, ishike, upepo ukikuzidi unaachia tu. Ila mwisho wake piga fundo la nane, mimi yangu ilichomoka kwenye kapi nikiwa mbali kabisa, nikarudi kwa kasia.

Na wanaoanza msije mwezi wa sita mpaka wa nane kwa pupa, ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na sisi tuko kichwani kaskazini, mwera ukivuma toka kusini mawimbi yote yanakuja kumalizikia hapa.

Tanga naipa nane kwa kumi, kamba zake nazipa mbili. Ngoja nivae laifu jaketi nisukume boti, we dogo baki hapo hapo, kamera isilowe.